Somo la Redio: Kijana Akiiba, Kijiji Kifanye Nini?

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno mawili: KUZUIA na KUREKEBISHA. Hayo ndiyo somo letu la leo.

Mwaka 2015, na tena mwaka 2022, wakazi wa Dar es Salaam walitishwa na makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road. Polisi walifanya msako. Lakini msako huja baada ya hasara. Kijiji chaweza kuanza mapema zaidi.

Tuchukue mfano wa Mlingotini, huku pwani ya Bagamoyo, ambako akina mama hulima mwani. Tangu kufunga mbegu kwenye kamba hata kuvuna ni wiki sita hivi. Kisha mwani huanikwa juani. Sasa fikirini: usiku mmoja mvulana wa miaka 13 anakamatwa na gunia la mwani mkavu usio wake. Watu wanapiga yowe na kushika fimbo. Je, tufanye nini?

Kwanza, fimbo ziwekwe chini. Hasira ya mwenye mali ni ya haki, maana lile gunia ni jasho lake. Lakini anayempiga mwizi mpaka akafa, yeye naye amekuwa mwuaji, na sheria itamshika.

Pili, aitwe mzazi wake, na mwenyekiti wa kitongoji, kisha habari ifikishwe polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema ya kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa kosa kama hili husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, wala hafungwi gerezani. Mahakama yaweza kumwachilia kwa sharti la mwenendo mwema, au kumweka chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii, au kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Huko ndiko kurekebisha.

Tatu, tuulize swali ambalo wengi hulisahau: alitaka kumwuzia nani? Mtoto hana kazi na gunia zima la mwani. Yuko mtu mzima aliyemngoja na mizani. Kupokea mali ya wizi nako ni kosa. Basi wanakijiji wakikubaliana mkutanoni ya kuwa mwani ununuliwe mchana tu, mbele ya watu, na kwa mwenye shamba mwenyewe, wizi utakosa soko. Huko ndiko kuzuia.

Kadhalika, kijana apewe kamba zake alime. Mwenye mali yake hujua uchungu wa mali ya jirani. Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Katika kijiji chenu, vitu gani huibwa, na nani huvinunua?
2. Kwa nini haifai kumpiga mwizi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.