Kutoka Gunia la Ngano hadi Kisimbuzi

Siku ya Simba na Yanga, ingia kibanda umiza chochote cha Dar es Salaam uanze kuhesabu. Dishi lililo juu ya bati ni la Azam. Kisimbuzi kilichoegemezwa kwenye televisheni ni cha Azam. Maji anayokunywa jirani yako ni Uhai, ya tajiri mwenye Azam, na chapati aliyoikunja mkononi huenda unga wake ulisagwa kwenye kinu chake. Ila timu mbili zilizowajaza watu humo ndani, hata moja si yake.

Tajiri huyo, Said Salim Bakhresa, alizaliwa Zanzibar mwaka 1949, akaacha shule akiwa na miaka 14 na kuingia mtaani kuuza mchanganyiko wa viazi. Miaka ya 1970 akawa na mgahawa. Mwenye mgahawa akifanikiwa, kwa kawaida hufungua wa pili. Yeye alirudi nyuma, kwenye unga, akaanza kusaga. Kisha akaenda mbele: mikate, aiskrimu, juisi, soda, hadi boti zinazovusha abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja. Wachumi huita hilo kumiliki mnyororo wa thamani. Mama muuza maandazi angesema tu kwamba huyu hanunui kitu anachoweza kukitengeneza mwenyewe.

Mpira nao ameuingia kwa hesabu hiyohiyo. Azam FC ilianza 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni yake, ikapanda Ligi Kuu 2008. Ikajengewa uwanja wake Chamazi, wa watazamaji wapatao 10,000, wakati vigogo wa Kariakoo, Simba na Yanga, wakitegemea uwanja wa serikali. Msimu wa 2013/14 ikabeba ubingwa bila kufungwa mechi hata moja.

Lakini mashabiki hawasagwi kinuni. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936. Mtoto hurithi rangi ya jezi kabla hajajua kuvaa viatu. Azam ikicheza Chamazi na timu ya mkoani, kuna siku unamsikia kocha akiwafokea mabeki wake neno kwa neno.

Mohammed Dewji wa METL, naye mwenye viwanda vya nguo, sabuni na mafuta ya kula, hakuanzisha timu. Aliufuata umati ulipo. Desemba 2017 alishinda zabuni ya kuwekeza Simba: hisa asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20. Piga hesabu: Simba nzima, na jina lake na nembo yake, ilithaminiwa chini kidogo ya bilioni 41. Uwanjani neema ilionekana, kwani kuanzia msimu huo wa 2017/18 ilitwaa ligi mara nne mfululizo. Ila kanuni ya serikali inataka asilimia 51 zibaki kwa wanachama, kwa hiyo mwekezaji anatia fedha kwenye nyumba yenye wenyewe, na wenyewe wanaongea.

Bakhresa hana wanachama wa kumhoji. Azam TV ilianza 2013, na mwaka 2021 kampuni yake ya habari ikasaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya takribani bilioni 225. Kwa wastani ni bilioni 22.5 kwa mwaka, zaidi ya bei ya hisa zote za Dewji. Ni ghali, mpaka utazame alichonunua: Mnyama wa Simba na Mwananchi wa Yanga, wasioweza kukaa benchi moja, wote wawili wanalipia kifurushi kwake. Umati uliokataa kwenda Chamazi kaufuata sebuleni.

Kwamba mwenye timu moja ndani ya ligi ndiye anayelipia haki za kuonyesha ligi nzima, hapo kuna mgongano wa masilahi, na mimi ningependa ujadiliwe waziwazi zaidi. Sijausikia ukipamba moto vijiweni. Labda ni kwa sababu tangu ubingwa ule wa 2014 hadi 2025, kombe lilizunguka Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga tu.