Waliojenga piramidi hawakuwa watumwa

KWA karne nyingi imeaminika kwamba piramidi za Misri zilijengwa na watumwa waliochapwa mijeledi. Mwandishi Mgiriki Herodotus, aliyeizuru nchi hiyo takriban miaka 2,000 baada ya piramidi kuu ya Farao Khufu kukamilika, alidai kuwa watu 100,000 walifanyishwa kazi kwa zamu za miezi mitatu. Wapo pia wanaodhani Waisraeli ndio waliozijenga, ilhali kitabu cha Kutoka kinataja miji ya maghala, wala si piramidi.

Ardhi yenyewe imetoa ushahidi mwingine. Mnamo 1990, farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo uliofukiwa na mchanga huko Giza. Wanaakiolojia wakiongozwa na Zahi Hawass walipochimba, walikuta makaburi ya wajenzi. Walizikwa na mitungi ya pombe na mikate ya safari ya ahera, tena karibu na kaburi la mfalme wao, heshima ambayo ni vigumu kuamini mtumwa angepewa. Mifupa yao ilionyesha migongo iliyoumia kwa mizigo mizito, lakini pia mikono iliyovunjika, ikafungwa gango na kuunga sawasawa. Kwa ufupi, walitibiwa.

Si mbali na hapo, Mmarekani Mark Lehner alifukua makao ya wafanyakazi. Humo mlikuwa na matanuri ya mikate na mifupa tele ya ng'ombe, kondoo na mbuzi.

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana 2013 katika pwani ya Bahari ya Shamu, eneo la Wadi al-Jarf. Mfaransa Pierre Tallet na wenzake waligundua karatasi za mafunjo zenye umri wa miaka 4,500 hivi, ambazo ndizo kongwe zaidi zenye maandishi kuwahi kupatikana. Miongoni mwake mna shajara ya msimamizi aitwaye Merer. Yeye na watu wapatao 40 walisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, safari mbili au tatu kila siku kumi.

Hata hivyo, kutokuwa watumwa si kusema walijitolea. Wataalamu wengi huona kwamba vijiji vilitakiwa kutoa vijana wa kuitumikia serikali, mithili ya kodi. Nayo shajara ya Merer haielezi namna mawe hayo yalivyopandishwa hadi kileleni, takriban mita 146 juu.