Baridi ya Julai: Fungueni Madirisha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, matatu ya Kangemi imeshajaa. Abiria wamebanana bega kwa bega, madirisha yote yamefungwa, na vioo vimeingia ukungu wa pumzi zao. Mmoja akikohoa kwenye kiti cha nyuma, wote wanavuta hewa hiyo hiyo hadi mjini, na msongamano wa Waiyaki Way hauna huruma. Abiria akithubutu kufungua dirisha kidogo, jirani yake hulifunga akilalamika kwamba baridi itawaletea homa.

Hapo ndipo tunapojidanganya. Mafua huletwa na virusi, na uchunguzi wa miaka mingi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na washirika wake umeonyesha kwamba virusi hivyo huzunguka Kenya karibu mwaka mzima. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapoibana Nairobi, tunajifungia ndani ya magari, madarasa na vyumba, halafu tunapumuliana. Virusi havihitaji zaidi ya hapo.

Somo hili tulilipata kwa uchungu. Kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini Machi 2020, matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba wanane, na mitungi ya maji na sabuni ikawekwa kwenye steji na milango ya maduka. Leo mitungi hiyo ni vigumu kuiona, na anayevaa barakoa kwa sababu anakohoa hutazamwa kama mgeni. Inauma kuona tabia zilizotugharimu kiasi hicho zimetupwa upesi namna hii.

Nyumbani kazi ni ngumu zaidi, hasa Kawangware, ambako chumba kimoja ndicho jikoni, sebule na mahali pa kulala. Usiku mama huingiza jiko la makaa na kufunga kila upenyo ili watoto wapate joto. Nia yake ni njema, lakini moshi huwasha mapafu ambayo tayari yanasumbuliwa, na makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Jiko libaki nje. Wavalishe watoto sweta na soksi, waongezee blanketi, na asubuhi uache mlango na dirisha wazi ili hewa ya usiku itoke.

Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 mtu anapoingia nyumbani, kabla hajagusa sufuria wala kumbeba mtoto. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, kibuyu chirizi kilichotundikwa mlangoni hutumia maji kidogo sana. Chafya na kikohozi viende kwenye kiwiko, na kila mtu awe na taulo na kikombe chake.

Mgonjwa wa mafua huweza kuambukiza siku moja kabla ya kuona dalili, kisha kwa siku tano hadi saba baadaye. Mtoto mwenye homa asipelekwe shule. Na wewe mwajiri wa Lavington au Kileleshwa, dada anayekulelea mtoto akiugua, mpe mapumziko yenye malipo. Akihofia kukatwa mshahara, ataficha ugonjwa wake na kuendelea kumlisha mwanao kwa mikono hiyo hiyo. Kibarua wa mjini naye hafichi kikohozi kwa ukaidi. Asipokwenda kazini, nyumbani hakuliwi.

Dawa za viuavijasumu tunazokimbilia kununua kwenye duka la dawa haziui virusi, na kuzimeza ovyo hufanya bakteria wazizoee. Maji ya moto yenye ndimu, tangawizi na asali hutuliza koo, lakini asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Chanjo ya mafua ipo, nayo hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika. Haimo katika chanjo za kawaida za watoto zinazotolewa bure, kwa hivyo wengi huilipia katika hospitali za kibinafsi. Mwenye uwezo awafikirie kwanza wajawazito, wazee, watoto wadogo, na wenye pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo.

Watu wengi hupona kwa mapumziko na maji mengi. Lakini mtoto akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani kila avutapo pumzi, akikataa kunyonya au kunywa, akishikwa na degedege au akilegea asiamke vizuri, usimpe dawa ya dukani na usingoje kuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo.