Kamba ya Kupimia Ardhi Iwe Mikononi mwa Wananchi

Watu wengi wakiulizwa ni silaha gani iliyotumiwa kuigawa Afrika hujibu upesi kwamba ni bunduki na mzinga. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikutimia. Mara nyingi bunduki ilitanguliwa na silaha nyingine isiyo na kishindo, nayo ni karatasi, kalamu na rula. Mwishoni mwa mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi iliyo kati ya pwani ya Afrika Mashariki na ziwa la Nyanza. Mstari wao ulianzia penye mlango wa mto Umba, ukafika ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka kama uzi mpaka ziwani. Wamasai, ambao mstari huo uliwakata sehemu mbili, hawakuulizwa neno.

Twaikumbusha habari hii si kwa sababu twapenda kulilia yaliyopita, bali kwa sababu ndani yake mna fundisho ambalo halijachakaa. Ardhi isiyopimwa na wenyewe hupimwa na wengine, na yule aishikaye ramani ndiye asemaye mpaka uko wapi.

Fundisho hilo tulilipata tena kwa uchungu mkubwa huko Meru. Katika ripoti yake ya mwaka 1947, tume iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson ilipendekeza kwamba ardhi iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru ipangwe upya, ili mashamba ya walowezi wa Kizungu yawe eneo moja lisilokatizwa na vijiji vya Waafrika. Juu ya karatasi jambo hilo lilionekana nadhifu. Juu ya ardhi yenyewe walikuwako watu. Mwezi wa Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walianza kuondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuishtaki serikali ya kikoloni mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini kesi ile iliitikisa nchi nzima. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuta wananchi wengi wamekwisha kutambua kwamba ardhi na uhuru ni jambo moja.

WALIOBEBA MNYORORO

Wala tusidanganywe kwamba kazi ya kuijua na kuipima nchi hii ilifanywa na wageni peke yao. Yupo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa Uhindi. Aliporudi Afrika alifuatana na Burton na Speke katika safari iliyoanza mwaka 1857, na mwaka 1858 alikuwa pamoja na Speke walipofika pwani ya kusini ya Nyanza. Akasafiri tena na Speke tangu 1860 hata 1863, na baadaye akaivuka Afrika pamoja na Cameron. Wenye elimu ya jiografia wa London walimpa medali ya fedha. Walakini ziwa lile lilipewa jina la Malkia wa Uingereza, na mzee Bombay hana hata kijito kwenye ramani zao.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wale waliokuja baadaye: waliobeba minyororo ya kupimia, waliofyeka vichaka ili mpimaji aone mbele, waliopanda milimani na vyombo vizito mabegani. Bila jasho lao hakuna ramani hata moja ya zamani ambayo ingekamilika. Waliambiwa kwamba elimu yenyewe si yao, kazi yao ni kubeba tu. Jambo hilo ndilo la kuondoa kabisa.

ELIMU YENYEWE NI YA WATU WOTE

Maana elimu ya kupima ardhi si uchawi. Msingi wake ni pembetatu ambayo kila mtoto wa shule huichora. Mpimaji hupima upande mmoja kwa uangalifu mkubwa. Kisha kwa chombo kiitwacho tiodolaiti hupima pembe za kuelekea kilima cha mbali. Akishajua upande mmoja na pembe mbili, hesabu humpa pande mbili zilizobaki pasipo kutia mguu huko. Upande mpya huwa mwanzo wa pembetatu nyingine, na mlima hushikana mikono na mlima. Kwa njia hiyo mnyororo mmoja wa pembetatu uliofuata longitudo ya 30 Mashariki ulipita magharibi mwa Tanganyika katika miaka ya 1930, na mwaka 1954 ukakamilika tangu Afrika ya Kusini hata Misri. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao ramani zetu nyingi ziliujengea. Na tangu mwaka 1946 idara ya Waingereza ya kupima makoloni ilitumia picha zilizopigwa kutoka ndani ya ndege kuchora ramani ambazo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya nchi.

Leo vyombo vimebadilika. Kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu huzunguka setilaiti za Marekani, Urusi, Ulaya na China, kila moja ikitangaza saa yake bila kukoma. Chombo kilichoko shambani hupokea sauti hizo na kupima zimechukua muda gani njiani, kisha hupiga hesabu na kujua mahali kilipo. Kwa kuwa mawimbi hayo huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kipimo hukosea kwa mita 300. Simu ya mkononi, ikiwa mahali peupe, huweza kukosea kwa mita chache. Chombo cha mpimaji, kikisaidiwa na kituo kilichowekwa mahali panapojulikana barabara, hukosea kwa sentimita tu.

Kilimanjaro chenyewe ni shahidi. Kipimo cha mwaka 1952 kilisema kilele kina mita 5,895, na ndicho wanafunzi walichokariri miaka mingi. Mwaka 1999 wataalamu wa Tanzania na wa Ujerumani walipanda na vyombo vya setilaiti wakapata mita 5,892. Mlima ni ule ule. Uliosogea ni ujuzi wetu, na safari hii mikono ya wenyeji ilikuwamo katika kupima na katika kupiga hesabu, si katika kubeba mizigo peke yake.

KAZI ILIYOKWISHA KUANZA

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri. Tazameni basi yaliyofanyika hapa hapa. Mwaka 2011 wanafunzi wa vyuo walishirikiana na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, kuchora ramani ya mtaa ule ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama uwanja mtupu. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini. Mwaka 2015 kazi iitwayo Ramani Huria ilianza, na wanafunzi pamoja na wananchi wakatembea kata kwa kata wakiandika mifereji, njia, nyumba, na mahali ambapo maji hufika. Mgeni angewezaje kujua maji yalifika wapi? Anayejua ni mama aliyekesha akihamisha watoto wake juu ya kitanda. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2016, vijana walirusha ndege ndogo zisizo na rubani wakapiga picha za Unguja na Pemba, wakaziunganisha kuwa ramani zinazoonyesha hata paa la kila nyumba.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ndiyo mali iliyo kubwa kupita zote. Mtu akipita mitaani Dar es Salaam atasoma ukutani maneno yaliyoandikwa kwa rangi: “Nyumba hii haiuzwi.” Kwa nini mwenye nyumba aitangazie dunia kwamba hauzi mali yake? Kwa sababu wapo matapeli wauzao nyumba isiyo yao, na kiwanja kimoja huweza kuuzwa kwa watu wawili au watatu. Mfanyakazi aliyeweka akiba miaka 20 huipoteza kwa siku moja. Kiwanja kilichopimwa, kikawekewa mawe ya mpaka na kuandikwa katika daftari la serikali, kina ulinzi ambao rangi ya ukutani haiwezi kuutoa.

MASHINE HAIJUI MWENYE SHAMBA

Hata hivyo yafaa tuseme jambo moja kwa uwazi. Mashine hueleza mahali penyewe, lakini haiwezi kueleza mwenyewe ni nani. Mtu akisimama na chombo chake katikati ya shamba la mjane, chombo kitaandika namba sahihi kabisa, na dhuluma itakuwa imepimwa kwa usahihi wa sentimita. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikuliacha jambo hili kwa wataalamu peke yao. Usimamizi wa ardhi ya kijiji uko mikononi mwa halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake, na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake. Sheria hiyo imetamka pia kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Katika miaka ya 2010, katika vijiji vya Wilaya ya Iringa, vijana waliochaguliwa na wanakijiji wenzao walifundishwa kupima mashamba kwa simu. Walitembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani zake, kila upande ukisema mbele ya wote. Majina yakatangazwa hadharani ili mwenye malalamiko ayatoe kabla ya hati ya haki miliki ya kimila kuandikwa, na wake wakaandikwa pamoja na waume zao. Hapo ndipo chombo kipya kilipokutana na baraza la zamani, na kila kimoja kikamsaidia mwenzake.

Wala haifuati kwamba kwa kuwa simu zimeenea, mtaalamu hana kazi. Namba za mahali zitolewazo na setilaiti hazifuati msingi ule ule wa ramani zetu za Arc 1960. Mtu asiyejua akizihamisha moja kwa moja juu ya ramani ya zamani, mpaka wa kijiji husogea kiasi cha mita 300. Mita 300 ni kisima, ni makaburi ya wazee, ni damu kumwagika baina ya mkulima na mfugaji. Mwenye kujua namna ya kuzigeuza namba hizo ni yule aliyekaa darasani akasoma.

WITO KWA VIJANA NA KWA WAZAZI

Kazi hizi si za aina moja. Yuko mpima ardhi anayeweka mipaka ya viwanja na mashamba. Yuko fundi sanifu anayemsaidia shambani. Yuko mchora ramani, na yuko anayesoma picha za angani na kuzitia katika kompyuta ili daktari ajue kipindupindu kimeanzia kisima gani. Wako wapimaji wa migodini, na wa baharini wanaopima kina cha maji ili meli zisipande mwamba. Reli ya kisasa iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 haikulazwa hata mita moja kabla ya mpimaji kupita. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji halikadhalika.

Mahali pa kujifunzia pako. Shule ya upimaji iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1956, wakati wa ukoloni, kwa kufundisha mafundi wa cheti, ilikua hatua kwa hatua, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Ardhi. Vyuo vya Ardhi vya Morogoro na Tabora hufundisha mafundi. Kijana anayetaka njia hii asiikimbie hesabu, wala jiografia, wala fizikia. Mzazi asimwambie binti yake kwamba kazi ya porini si ya wanawake, maana tiodolaiti haiulizi kama jicho linalotazama ni la mke au la mume.

Kwa viongozi na wanachama tuna maneno matatu. La kwanza, kila mradi unaoleta vyombo vya kigeni na ulete mafunzo pamoja navyo, ili mgeni akiondoka kazi isiondoke naye. La pili, ramani ya kijiji isifungiwe kabatini wilayani. Itundikwe ukutani katika ofisi ya kijiji, mahali ambapo mkulima yeyote aweza kuinyoshea kidole na kuuliza. La tatu, mawe ya mpaka na alama za wapimaji zilindwe na wananchi wenyewe. Anayeng'oa jiwe la mpaka ili ajengee jiko lake ameng'oa haki ya jirani yake, na sheria inamhesabu kuwa mkosaji.

Wazee wetu walihamishwa kwa ramani ambayo hawakuichora na hawakuweza kuisoma. Kizazi cha leo hakina udhuru huo. Vyuo vipo, vyombo vimeshuka bei, na sheria imempa mwanakijiji kiti chake katika baraza. Kilichobaki ni vijana kuingia darasani, wazee kutembea mpakani pamoja nao, na sisi sote kuhakikisha kwamba hakuna shamba linaloandikwa mwenyewe akiwa hayupo.