Kesi ya bulongo: kila muamuzi na mupaka wake

Bandugu bakulima, mvua ikikaribia, kesi za mipaka zinaanza tena. Mbele ya kulipa usafiri wa kuja Lubumbashi, uliza kwanza: nani iko na nguvu ya kukata kesi hii?

Shamba la desturi, bila sertifika: shefu anasikiliza, anatembea mupaka pamoja na wazee, anapatanisha. Mukikosa kupatana, sheria ya 11 Aprili 2013 inapeleka kesi hiyo kwa tribinali ya amani.

Mwenzako akileta sertifika ya serikali, kesi inaenda tribinali kubwa. Usikawie. Kwa sheria ya bulongo ya 1973, ilivyorekebishwa 1980, miaka 2 ikipita tangu itolewe, sertifika haivunjwi tena. Unabaki kudai malipo tu.

Deni la mbegu kati ya mwanachama na koperative? Andikeni katika statuti nani ataamua, mbele ugomvi haujazuka.

Popote kesi itakapofika, mutu atakuuliza karatasi. Mukipatana mbele ya shefu, andikeni, majirani watie sahihi, kila upande ubaki na kopi.