Somo wa Mke Aliyekatwa Ziwa ni Nani?

Kwetu pwani, mwari huwa na somo wake. Huyo ndiye amfunzaye kuutunza mwili, kujipamba, na kukaa na mume faraghani. Wajaluo nao walikuwa na mafunzo yao. Wasichana walilala katika nyumba ya bibi kizee, iliyoitwa siwindhe, na bibi huyo, ambaye wao humwita pim, akawafunza usiku mambo ya utu uzima. Kote kuwili mwanamke alifunzwa kabla hajaingia nyumbani mwake. Lakini je, mke arudiye kutoka hospitali akiwa amekatwa ziwa, ni nani amfunzaye?

Swali hili nililipata Sindo, mji mdogo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Nilikwenda kuangalia biashara ya dagaa, ambao wenyeji huwaita omena. Mama mmoja aliyekuwa akiwaanika alinieleza kuwa mkono wake wa kushoto huvimba akibeba beseni zito, kwa kuwa alikatwa ziwa la upande huo na tezi za kwapani. Tulipozoeana alinifungulia moyo.

"Mume wangu hakunifukuza, dada. Aliuza ng'ombe nipate kutibiwa. Lakini tangu nirudi mimi hulala na blauzi, na taa haiwashwi. Sijui ananionea huruma au ananiogopa. Hajauliza, nami sijamwambia."

Nilipomwuliza kama hospitalini aliambiwa lolote juu ya unyumba, alicheka. Aliambiwa habari za kidonda na dawa, basi.

Mama huyu si peke yake. Saratani ya matiti ndiyo iwapatayo wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Kwa mwaka 2020 wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa zaidi ya 6,700. Zamani madaktari walifuata upasuaji wa Mmarekani William Halsted, aliyeueneza mwishoni mwa karne ya 19, wa kuondoa ziwa zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Katika miaka ya 1980 Umberto Veronesi wa Italia na Bernard Fisher wa Marekani walithibitisha kuwa uvimbe ukigunduliwa mapema, kuutoa wenyewe tu na kufuatisha tiba ya mionzi huokoa maisha sawa na kukata ziwa lote. Lakini wengi wa wanawake wetu hufika kwa daktari wakiwa wamechelewa, na ziwa huenda lote.

Wala si kovu peke yake liletalo taabu. Dawa za saratani hupukutisha nywele, na huweza kukatisha damu ya mwezi kabla ya wakati wake. Vidonge vya tamoksifeni, ambavyo wengine humeza kwa miaka 5 au zaidi, huweza kuleta joto la ghafla na ukavu ukeni. Hamu hupungua, na tendo lenyewe huuma. Mume akimwona mke amejikunyata hudhani hatakiwi; mke akimwona mume amejitenga hudhani amechukiwa. Kumbe wote wawili wanaogopa.

Yafaa basi yasemwe wazi. Saratani haiambukizi. Kumkumbatia mke au kukutana naye hakumpi mume ugonjwa, wala hakumrudishii mke maradhi yake. Ukavu una vilainisho vya maji viuzwavyo katika maduka ya dawa. Dawa yenye homoni isitumiwe bila ya kumwuliza daktari. Aulizwe pia juu ya kuzuia mimba wakati wa matibabu, kwani baadhi ya dawa humdhuru mtoto tumboni. Na mwenye kutaka umbo lake lionekane sawa ndani ya nguo ana njia. Huko Thika, Bi. Mary Mwangi, fundi wa nguo aliyewahi kuugua mwenyewe, hufuma maziwa ya uzi ya kuvaliwa ndani ya sidiria, ambayo bei yake ni ndogo sana kuliko yale ya silikoni.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya chumbani, hayafai gazetini. Lakini wazee wetu ndio waliosema mficha uchi hazai, na ndio waliomweka somo ili yasiyosemeka hadharani yapate pa kusemewa. Dini yetu nayo imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja amsitiri mwenziwe. Vazi halichagui mwili usio na kovu.

Kwa hivyo nawaomba masomo na makungwi wa kwetu: kazi yenu isiishie kwenye fungate. Mkisikia mwanenu ametoka kukatwa ziwa, msimpelekee uji na pole tu. Ingieni chumbani, fungeni mlango, mkae naye mumwulize analalaje. Na mume naye apate mzee wa kumwambia kwamba mkewe anangoja neno lake.