Ulilipa faini ya spidi Makadara? Kampuni yako ya bima inataka kujua

NI Jumapili, saa mbili asubuhi. Umetoka kumshusha mathe kanisani Donholm, Outering iko wazi kama uwanja wa shule siku ya likizo, na ile Vitz uliyonunua kwa mkopo wa sako imeanza kukuonyesha kwamba nayo ina nguvu zake. Unapita Mutindwa ukiimba. Mbele, nyuma ya kichaka, karao na kamera yake.

Kilomita 68 kwa saa. Pale mjini sheria inasema 50.

Unajua kinachofuata, au kama hujui, muulize mtu yeyote mwenye gari kuanzia Kayole hadi Jericho. Unapelekwa kituoni, unalipa dhamana ya pesa taslimu, unapewa risiti na kuambiwa ufike Mahakama ya Makadara kesho yake saa mbili na nusu. Jumatatu unakaa kwenye benchi Jogoo Road pamoja na makanga waliobeba watu kupita kiasi na mzee mmoja ambaye taa yake ya nyuma ilikufa tangu mwaka jana. Jina lako linaitwa. Unasomewa shtaka. "Ni kweli au si kweli?" Unasema ni kweli, kwa sababu una kazi na hutaki kurudi hapo mara tano. Hakimu anatoza faini, pesa zinakatwa kwenye ile dhamana, na kufikia saa sita uko kibandani ukila chapo madondo na kuwasimulia maboys: "Nilimalizana nao."

Sasa hapo ndipo ninapotaka tuongee, msomaji wangu. Hukumalizana nao. Ulikubali kosa mbele ya hakimu na ukatiwa hatiani. Kwa lugha ya korti, wewe ni mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la barabarani. Haijalishi ilichukua dakika tatu, wala kwamba hukulala ndani hata usiku mmoja. Vijana wengi wa mtaani hudhani hukumu ni ya mtu aliyepelekwa Industrial Area kwa lori. Faini nayo ni hukumu.

Miezi kadhaa baadaye bima ya gari inaisha. Ajenti anakutumia fomu kwa simu, au unaijaza mwenyewe mtandaoni ukiwa kwa mathree. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya gari, mwaka lilipoundwa. Halafu katikati, kwa herufi ndogo, kuna swali ambalo karibu kila kampuni huliuliza kwa namna yake: je, wewe, au mtu mwingine yeyote atakayeendesha gari hili, umewahi kupatikana na hatia ya kosa la uendeshaji, au una kesi inayosubiri? Ndiyo. La.

Kidole kinaenda kwenye La. Nakuelewa. Mimi mwenyewe niliwahi kujaziwa fomu nzima na ajenti aliyekuwa na haraka kuniliko, La, La, La, mpaka chini, kisha akaniambia "weka saini hapa tu, mkubwa." Nikaweka. Nilikuja kuisoma ile fomu mwaka uliofuata, na juu ya saini yangu kulikuwa na maneno kwamba nathibitisha kila jibu ni la kweli na kwamba majibu hayo ndiyo msingi wa mkataba wetu. Ajenti hakuwa ameandika jina lake popote. Saini ilikuwa yangu peke yangu.

Mkataba wa bima si kama kununua viatu Gikomba, ambako kazi ya kukagua kama soli imeshikwa kwa gundi ni yako mnunuzi. Hapa ni kinyume. Anayejua habari za gari na dereva ni wewe, na kampuni inakutegemea useme. Sheria yetu ilirithi jambo hili kutoka Uingereza, na chanzo chake kinachotajwa sana ni kesi ya mwaka wa 1766, Carter dhidi ya Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra, akaikatia bima isije ikatekwa. Wafaransa wakaiteka. Mwenye bima, Boehm, akakataa kulipa akidai Carter alificha udhaifu wa ngome. Jaji Mansfield akaeleza kwamba pande zote mbili za bima lazima ziambiane ukweli wote. Kitu ambacho watu wa bima hawapendi sana kukikumbusha ni kwamba siku hiyo aliyeshinda kesi ni Carter. Boehm alilipa.

Basi ni habari gani hasa unayotakiwa kusema? Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Hatari kwa Watu Wengine, ile Sura ya 405, inaielezea hivi, kwa maneno yangu: ni habari ambayo ingeweza kumshawishi mwenye bima makini aamue kama atakuchukua au la, na kwa bei gani. Mtu anayeendesha kwa kasi huwa na uwezekano mkubwa wa kugonga. Huhitaji kuwa na digrii ya bima kuona kwamba faini ya spidi inaingia hapo, hasa pale fomu ilipouliza moja kwa moja.

Utaniambia: sasa nani atajua? Mwanzoni, pengine hakuna. Stika inatoka, siku hizi cheti chenyewe ni cha dijitali tangu 2020, unapeperusha. Kampuni haina haja ya kukuchimba wakati unalipa. Kuchimba huanza siku unapodai. Ukigonga mtu na madai yakawa makubwa, kampuni hutuma mpelelezi. Ataomba abstrakti ya polisi, ataongea na walioona, ataangalia leseni yako, na faili la kesi yako liko pale pale Makadara lenye tarehe, nambari na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Hapo tuangalie hesabu, maana tukizungumza bila pesa hutaniamini. Tuseme gari lako lina thamani ya Sh800,000 na umechukua bima kamili kwa asilimia 4. Unalipa Sh32,000 kwa mwaka. Tuseme umesema ukweli kuhusu Outering na kampuni ikakupandishia hadi asilimia 5, jambo ambalo wala si lazima litokee kwa kosa moja la kilomita 18. Utalipa Sh40,000. Ukweli umekugharimu Sh8,000. Kinyume chake, umeficha, gari limebingirika Kangundo Road na kuwa chuma chakavu, kampuni imefuta mkataba tangu mwanzo. Sh800,000 hazipo. Hata ikikurudishia ile ada uliyolipa, mkopo wa sako bado unakatwa kila mwezi kwa gari ambalo sasa linauzwa kwa kilo.

"Lakini mimi niko na thadi pati tu." Sawa, na ndiyo bima ya wengi wetu huku, kwa sababu ni elfu chache tu kwa mwaka. Kumbuka thadi pati haikulindi wewe. Inamlinda mama mboga uliyemgonga akivuka pale Taj Mall (jengo lilibomolewa 2018, steji imekataa kubadilisha jina), au yule wa boda uliyemwangusha. Korti ikimpa fidia, kampuni inatakiwa kumlipa, na sheria imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kila dai. Sheria hiyo pia imemwekea mama mboga kinga: kampuni haiwezi kukaa tu ofisini na kusema "mteja wetu alitudanganya, hatulipi." Lazima iende kortini yenyewe, kabla ya kesi ya mwathiriwa kuanza au ndani ya miezi 3 baada ya kuanza, ipate tamko kwamba ina haki ya kuukana mkataba kwa sababu ya uongo au kufichwa kwa jambo la maana, na mwathiriwa naye lazima apewe notisi ndani ya siku 14. Ikichelewa, inalipa.

Ikiwahi na ikashinda, je? Hukumu ya mama mboga haiondoki. Inabaki na jina moja juu yake, na ni lako. Yeye ana mguu uliovunjika na karatasi ya korti. Wewe una bedsitter Umoja, kitanda, televisheni na hiyo Vitz. Madalali wa korti hawana haja ya kujua kwamba ulikuwa na haraka ulipobonyeza La. Na mama mboga, ambaye hakujaza fomu yoyote, anaweza kungoja fidia yake miaka kwa sababu anadai mtu asiye nayo.

Kuna wale watakaoniuliza kuhusu faini zile ndogo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka viwango: ukizidisha kilomita 6 hadi 10 ni Sh500, 11 hadi 15 ni Sh3,000, 16 hadi 20 ni Sh10,000. Chini ya hapo ni onyo. Je, onyo nalo utalitangaza? Soma swali lilivyoandikwa. Kama fomu inauliza kuhusu hukumu, onyo si hukumu. Kama inauliza kuhusu faini yoyote, basi hata ile ya mia tano imo. Ukiwa na shaka, sema. Hakuna kampuni iliyowahi kukataa kulipa kwa sababu mteja alisema mengi mno. Na kama "ulimalizana" na karao kwa njia ile nyingine tunayoijua sote, hapo huna hukumu ya kutangaza, ila umefanya kosa kubwa kuliko la spidi, na mimi sitakusaidia kulipamba.

Swali lingine ni la wakati. Ukishikwa Machi na bima yako inaisha Novemba, je, ukimbie kwa ajenti Aprili? Kwa kawaida wajibu wa kusema unakuwepo kabla mkataba haujafungwa, na unarudi kila unapolipia upya, kwa sababu kila mwaka ni mkataba mpya hata kama wewe unaona ni M-Pesa tu imetumwa. Lakini karatasi nyingine za bima zina sharti kwamba uripoti mabadiliko katikati ya mwaka. Itafute karatasi yako, siyo stika, ile ndefu ambayo hujawahi kuifungua. Na kama unalipia bima ya mwezi mmoja mmoja, kama wanavyofanya wengi wenye magari ya teksi za mtandaoni, basi kila mwezi ni nafasi ya kusema, na kila mwezi ni nafasi ya kukosea tena. Na kama gari linabeba abiria wa mtandaoni huku fomu inasema ni la kibinafsi, hilo ni tatizo kubwa kuliko faini ya spidi, lishughulikie kwanza.

Nenda Uingereza, ambako sheria hii ilizaliwa, uone walivyoigeuza. Tangu sheria yao ya 2012 kuhusu bima za watu binafsi, mteja hatakiwi tena kukisia ni nini kampuni ingependa kujua. Kampuni ndiyo iulize, na mteja ajibu kwa uangalifu wa kawaida. Kasini wako wa Birmingham akipata alama za spidi kwenye leseni, zinakaa miaka 4, na kampuni nyingi humuuliza kuhusu miaka 5 iliyopita. Kwetu mzigo bado uko mgongoni mwa mteja, na nadhani si haki ukiangalia jinsi fomu zinavyojazwa kwenye vibanda vyetu. Ila kudhani si haki hakutakulipia hospitali ya mtu.

Rudi kwenye lile swali kidogo. "Wewe, au mtu mwingine yeyote atakayeendesha." Eastlando gari huwa si la mtu mmoja. Brathe analichukua Jumamosi kwenda ruracio Murang'a. Jirani ameomba kulipeleka mazishini. Binamu mwenye leseni ya miezi minne anazunguka nalo Komarock akijifunza kuegesha. Hata kama wewe hujawahi kuona kamera, brathe aliyelipa faini Makadara mwaka juzi yumo kwenye jibu lako. Na madereva wachanga au wenye leseni mpya mara nyingi huongezewa kiasi wanachotakiwa kugharamia wenyewe ajali ikitokea. Kwa hivyo kabla ya kujaza, muulize. Muulize kwa upole, ataona unamchunguza, lakini muulize.

Kama umeshajaza La na leo ndiyo umeshtuka, usingoje Novemba. Andika ujumbe mfupi kwa ajenti na nakala kwa kampuni yenyewe: jina lako, nambari ya gari, tarehe ya kesi, korti, kosa, kiasi ulichotozwa, na kwamba ulikosea kwenye fomu na unaomba warekebishe. Ambatisha picha ya risiti ya faini. Wakikupandishia bei kwa namna usiyoielewa, una haki ya kuuliza, na wakikuzungusha, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hupokea malalamishi ya wateja bila malipo. Tuma kwa barua pepe badala ya WhatsApp peke yake, maana simu za mtaa huu huhama wenyewe bila taarifa. Ajenti akikupigia na kusema "hiyo ni kitu ndogo, usijali," mshukuru, kisha mwombe akuandikie hivyo hivyo.